Nyumba yenye tupanya twote tulitoka

Mujukuu wangu Nadège,

Jambo sana kule Liège. Huku Kamalondo tuko bazima, na tante yako, binti yangu, amezaa mutoto musichana.

Uliniuliza kama tupanya twa nyumba tunaweza kuisha duniani. Hapana. Tupanya tuko kila fasi bantu banapika na kulala.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili wakati mama yangu alikufa. Baba alifunga nyumba, tukaenda kukaa mutaa wa Bel-Air kwa kaka yake mukubwa. Tuliporudi kisha miezi mingi bila mutu kupika mule, hatukusikia hata kapanya kamoja.

"Hata tupanya tulitukimbia," baba akasema, akalia mbele yangu. Halafu akawasha moto wa makala, akapika bukari, ugali wa bantu babili tu.

"Kula, mwanangu. Nyumba ijue kama tuko."

Nilikula nikilia.

Kambo yako, bibi yako,
Albertine