Si Mafua, Ni Vumbi la Ghalani

Jumanne. Joto, na upepo wenye mchanga tangu asubuhi.

Assalaam alaykum wapenzi wangu mnaonisoma. Hamjambo? Wazee wenu hawajambo? Mimi mwili mzima, alhamdulillah, lakini nina hasira. Mola anisamehe.

Mnakumbuka nilivyolalamika hapa juu ya mafua ya mume wangu? Asubuhi anakwenda kulisha mbuzi, hapa shambani kwetu Manah, Oman, mzima kabisa. Ikifika Magharibi anatetemeka, homa, kikohozi kikavu, kifua kimembana. Siku mbili anapoa. Akirudi kwa mbuzi, na homa inarudi. Nimempa asali, nimempa chai ya majani ya zaatari, nikasema hasadi ya watu.

Si mafua. Si hasadi.

Juzi daktari wa Nizwa ndiye wa kwanza kumuuliza anafanya kazi gani saa chache kabla ya homa. Kumbe ni qatti, yale majani ya mbuzi tunayoyakausha na kuyafunga marobota. Yaliingia ghalani hayajakauka vizuri, na mvua nayo ikayapata. Yakaota koga. Yakikung'utwa, vumbi lake linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Akiacha sasa, huenda pumzi ikarudi. Akiendelea, mapafu yatakuwa magumu, basi tena.

Na sisi, desturi ya nyumba hii, tunakung'uta mlango umefungwa! Ati majani madogo ndiyo yenye nguvu, upepo usiyachukue.

Nikiri na langu. Harufu ya ghala iliponichukiza, mimi ndiye niliyekuwa nikiingiza chetezo cha ubani. Ghala likanukia. Majani yaliyooza nimeyafukiza kama bibi harusi.

Leo nilikwenda tanzia Izki kutoa mkono wa pole na wifi yangu, dada wa mume. Tunarudi kabla ya Adhuhuri, nasikia kikohozi ghalani. Nafungua mlango: yumo, kajifunga kilemba mdomoni, anakung'uta, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Baba Asma! Umeahidi mbele ya daktari!"

"Marobota mawili tu, mama Asma. Kuyatupa ni israfu. Mungu hapendi."

"Na pumzi aliyokupa, kuitupa si israfu?"

Wifi akacheka. "Haya, daktari mwengine huyo kaja! Marehemu baba kakung'uta hivi hivi umri wake wote, kafanywa nini?"

"Marehemu baba," nikamwambia, "mwisho wake alikuwa hawezi kutoka hapa mpaka msikitini bila ya kukaa chini mara tatu. Mkasema uzee."

Wifi akaingia zake ndani. Mume wangu akaliweka robota chini.

Na mimi nilisema uzee.

Nikaleta bisibisi, nikaung'oa mlango wa ghala. Nikavaa barakoa nzito tuliyopewa na daktari, maana kwenye kilemba vumbi lile linapita tu. Marobota nikayamwagia maji kwa mpira yakalowa, lisiruke, kisha nikayaburuta moja moja mpaka mwisho wa shamba. Mbuzi wamekula majani mabichi. Tukivuna tena, hakuna robota litakaloingia ndani kabla mimi sijatia mkono katikati yake nikaona limekauka.

Sasa ni baada ya Alasiri. Mume wangu amekaa barazani amenipa mgongo, na kila akivuta pumzi mimi namsikiliza. Homa itakuja Magharibi kama kawaida yake, na safari hii nampeleka hospitali, apende asipende.

Nimemkasirikia. Nafsi yangu nimeikasirikia zaidi.

Kama yuko miongoni mwenu ambaye mtu wake aliugua hivi, akaliacha vumbi, pumzi ikamrudia, naomba aniandikie. Upesi, tafadhali. Nataka nimsomee kabla ya Magharibi.