Bahasha Chini ya Bobini

Kwa dada yangu mpenzi, msusi,

Mwanangu, ambaye ni mwanao pia, amenitia adabu sasa hivi. Nilikuwa napinda suruali ya mteja, yeye akafungua droo ya cherehani, akaziruka bobini za uzi, akauruka mkasi (Mungu ashukuriwe), akachomoa bahasha na kuichana kwa meno yake mawili. Nimemnyang'anya, analia, nami nimekaa kukuandikia. Lakini salamu kwanza. U mzima, dada? Mgongo unaendeleaje na huko kusimama kutwa? Shemeji na watoto je? Sisi miili mizima. Ugonjwa uko rohoni.

Utacheka. Kati ya mlango wako na wangu ni mitaa miwili tu, nami nakuandikia kama uko ng'ambo. Mdomo umegoma, dada. Herufi zangu unazijua, zinatembea kama kuku. Nivumilie.

Tangu uanze kurekodi mafundisho yako ya asubuhi kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa, sijapata amani. Lile la nywele zetu kuhesabiwa zote lilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Ulisema wewe, miaka yote hii ya kusuka, unahesabu mistari tu, ila Yeye anahesabu hata ule unywele uliobaki kwenye kitana. Ukasema siku hizi tunajipima kwa mioyo myekundu ya kwenye simu, na kumbe tumeshahesabiwa. Nami wakati huohuo nilikuwa nahesabu mioyo yako. Thelathini na minne. Nikatuma na wangu, kwa kidole kizito.

Kisha likaja la kiraka. Unakumbuka ulivyokaa kwenye kigoda changu nikitia kiraka sare ya mwanao wa pili? Nilikwambia kitambaa kipya hakishonwi juu ya nguo kuukuu kabla ya kuloweshwa, maana kikifuliwa kitajikunja na kuchana hata palipokuwa pazima. Na kwamba Bwana alipolisema hilo alionyesha kuijua sindano kuliko mafundi wengi. Wiki iliyofuata nikalisikia kwa sauti yako, ukisema umelipata kwa rafiki mmoja fundi. Rafiki! Tumenyonya ziwa moja, dada, leo nimekuwa rafiki. Mioyo hamsini na mmoja. Yule jirani muuza mboga akaja kuniuliza kama nimesikia dada yangu alivyo na kipaji. Nikamjibu nimesikia, nikavunja sindano ya tatu siku ile.

Jumapili iliyopita, wewe ukiwa umekwenda kumsuka bibi harusi, katibu wetu, yule asiyeamini jambo mpaka liwe kwenye karatasi, akanipa bahasha yako. Akasema niwahi kukuletea, ni mambo ya mzungumzaji wa Jumapili ya akina mama. Nikajua basi, mimbari umepewa wewe. Nikaitia drooni, chini ya bobini, nikajiambia kesho nitakuletea. Kesho ikapita. Jumanne ukaja kuuliza kama katibu hakunipa kitu, nami nikakutazama machoni nikasema hakunipa. Ukanishika shavu, ukauliza kama naumwa. Moyoni nikasema, mtazameni anavyowashwa na mimbari!

Tangu hapo kila nikifungua Biblia namfikiria Miriamu. Dada aliyesimama mtoni kumlinda mdogo wake kikapuni ndiye huyohuyo aliyekuja kunung'unika kwamba kwani Mungu huongea na huyo mdogo tu. Zamani nilimwona mbaya. Sasa namwona kama jirani, ila mimi nimezaliwa wa pili, na kikapuni nilikuwa mimi: wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka nikaota meno. Miriamu aliota ukoma. Mimi nimeota uongo.

Leo Ijumaa meno ya mwanangu yamemaliza kazi. Karatasi ilikuwa nje, nikaisoma. Katibu anaandika kwamba kamati imekubali ombi lako. Kumbe walikuomba uzungumze, ukakataa. Ukawaambia lile la kiraka ni la mdogo wako, kwamba hukumtaja kwa kuwa hukuwa umemwomba ruhusa, na kwamba anayestahili kusimama Jumapili ni yeye. Basi, anasema, umwambie upesi ajiandae.

Dada, nimeuficha mwaliko wangu mwenyewe siku tano. Na nikiri lote, maana toba ya nusu nayo ni kiraka kikavu: nilipomaliza kusoma sikulia. Niliona wivu upya. Nilisema, hata kwa wema amenipita. Machozi yalikuja nyuma, yakichechemea.

Nisamehe. Ukinitaka bado nisimame, nitasimama, ila nitaanza na hii droo mbele ya akina mama wote, ndipo nifike kwenye kiraka. Usiponitaka, simama wewe, nami nitakaa mstari wa mbele na kidole hakitakuwa kizito.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja, wa pili mwambie kiraka cha sare yake nilikilowesha kwanza. Huyu wangu amenyamaza ghafla, anauchekea mlango. Ni sauti yako hiyo, dada, unapiga hodi, unaniita, unauliza mbona nimejifungia mchana kweupe. Nakuja. Karatasi zote mbili nakupa mkononi, hii na ile iliyotafunwa, kabla mdomo wangu haujatafuta uongo mwingine.