Eksteno ya Bibi Harusi wa Mbuchi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Agapiti Kimario
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi kompyuta, mwenye steshenari
Makazi: Kibiti mjini
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali kwa makusudi

Mimi ni mtajwa hapo juu. Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, ingawa duka langu limefungwa tangu asubuhi. Nimeulizwa mara tatu niliona nini. Sikuona kitu. Nilikuwa nimegeukia ukutani kwa amri ya mlalamikaji na ya mtuhumiwa, wote wawili, na ninaomba hilo liandikwe kabla ya mengine.

Mnamo tarehe 14/10/2025 majira ya saa nne asubuhi, nikiwa dukani kwangu, waliingia wanawake wawili kutoka kijiji cha Mbuchi, huko deltani. Mmoja ni Rukaiya, ambaye ndiye mlalamikaji. Wa pili ni Bi Mwanamina, ambaye ndiye mtuhumiwa. Ni somo yake, yaani ndiye aliyemfunda alipokuwa anaolewa. Rukaiya alikuwa na eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, ameifunga kwenye leso. Alisema ina video za siku aliyofundwa, na kwamba humo mama yake mzazi, marehemu Zawadi, anampa wosia wa ndoa. Mama huyo alifariki miezi mitatu baada ya harusi. Nakala nyingine haipo, na kila kompyuta aliyoijaribu ilikuwa haiitambui.

Niliichomeka. Taa yake iliwaka, kompyuta ikakaa kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikahamia kompyuta ya pili, hali ikawa ile ile. Niliweka sikio nikasikia diski inazunguka vizuri, nikajua ugonjwa uko nje. Nilifungua kasha nikakuta kile kibao kidogo kinachoshika waya kimeota kutu ya chumvi. Rukaiya alikiri kwamba imepanda mtumbwi wa Mbuchi mara nyingi ndani ya kikapu. Nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikachomeka tena, ikaonekana. Rukaiya alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

Hapo ndipo yalipoanza yaliyotuleta kituoni. Nilisema ninakili kila kitu kwenye kompyuta yangu kwanza, kwa sababu kile kibao bado kilikuwa kinacheza na kingeweza kuachia wakati wowote. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yetu. Bi Mwanamina alikataa. Alisema, "Mambo ya ndani ya wanawake yalale kwa mwanamume? Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu, na wewe si kata."

Nikamwambia, "Bibi, mimi nitaona majina ya mafaili tu."

Akasema, "Na ukilala nayo usiku?"

Nikamwambia nina mke. Akasema na huyo mke hakufundwa Mbuchi. Nilimtazama Rukaiya anisaidie, naye akasema, "Fundi, nilimwahidi somo yangu." Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, sijawahi kuombwa kutengeneza kitu nisichoruhusiwa kukitazama.

Bi Mwanamina akataka kwanza ahakikishe kwamba ndiyo yenyewe. Masharti yalikuwa haya: yeye ajifunike khanga pamoja na kioo cha kompyuta, mimi nigeukie ukutani, na Rukaiya asimame mlangoni kuwazuia wateja. Rukaiya mwenyewe hakutaka kutazama. Alisema akiisikia sauti ya mama yake mbele za watu ataanguka. Kwa kuwa mle kuna nyimbo ambazo wanaume hawapaswi kuzisikia, nilimpa Bi Mwanamina hedifoni. Alizivaa chini ya ushungi wake, akiwa tayari ndani ya khanga. Rukaiya alikuwa mlangoni akibishana na mteja mmoja aitwaye Khalidi aliyetaka kutoa kopi ya cheti. Hakuziona hizo hedifoni, na mimi sikufikiria kumwambia.

Nilimfundisha Bi Mwanamina kitufe kimoja tu, kile kikubwa cha Enter cha kufungulia faili. Kisha nikageuka, nikawa natazama kalenda.

Kwanza alicheka. Kisha alisema, "Zawadi, mwenzangu, umependeza." Baada ya hapo akaanza kulia, kilio cha chinichini, na meza ikawa inatikisika. Ninaamini ndipo waya ulipoachia na kushika tena, kwa sababu ukishafanya hivyo kompyuta huuliza, kwa Kiingereza, kama diski ifomatiwe, yaani ifutwe.

Alisema kwa sauti kubwa sana, "Inaniuliza kitu hapa!" Nikamjibu, "Usibonyeze!" Akasema, "Fundi, nakuuliza!" Nikapiga kelele, "Usibonyeze, bibi, usibonyeze!" Akasema, "Hunijibu? Haya, nabonyeza." Nikasikia kitufe, kikafuata kingine, na kingine tena, maana kompyuta haifuti kwa mara moja, huuliza tena na tena, na kila ilipouliza yeye alibonyeza kile kitufe kimoja nilichomfundisha.

Niligeuka nikavuta khanga. Bi Mwanamina alinizaba kofi. Silifungulii kesi, lakini liandikwe. Diski ilikuwa tupu.

Rukaiya alimwambia somo yake, "Tangu mwanzo hukutaka nirekodi. Umeniulia mama mara ya pili." Bi Mwanamina akawa anakunja khanga yake. Rukaiya akaja moja kwa moja kituoni.

Nimeelezwa kwamba mlalamikaji anadai mtuhumiwa alisikia onyo langu na akabonyeza kwa jeuri, na kwamba machozi yalimtoka baada ya kukamatwa. Siyo kweli. Kwanza, asingeweza kunisikia, masikio yake yalikuwa yamezibwa na hedifoni, na mimi ndiye niliyempa. Pili, alilia kabla. Alikuwa anamlilia Zawadi wakati hakuna chochote kilichoharibika. Mtu anayetaka kumfuta mwenzake hamwambii amependeza.

Jana jioni niliweka programu ya kurudisha vilivyofutwa. Asubuhi hii nimekuta video zimerudi, ila majina yamepotea, zina namba tu. Ili ipatikane ya marehemu, lazima mtu azifungue moja moja. Mimi sijafungua hata moja wala sitafungua, hata Jeshi la Polisi likiniamuru. Watafuteni wanawake waliokuwepo siku alipofundwa.

Ninayoyajua yameishia hapa. Nimesomewa, nimeyakubali, na ninasaini nikiwa na akili timamu na shavu linaloniuma.

Sahihi: A. Kimario
15/10/2025, saa 5:40 asubuhi

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, Koplo Mrisho. Baada ya shahidi kusaini, nilimweleza mlalamikaji habari ya hedifoni. Aliinuka, akaenda kwenye benchi alipokuwa amekaa mtuhumiwa, wakatoka pamoja. Saa 8 mchana nilifika dukani kwa shahidi kukagua kielelezo. Nilimkuta shahidi nje, amekaa kwenye ndoo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, dirisha limezibwa kwa khanga. Nilibisha hodi kwa jina la Jeshi la Polisi. Mlalamikaji ndiye aliyenikataza kuingia. Ndani kulikuwa na sauti ya mwanamke anausia kwa Kindengereko, na wanawake wawili wakimwitikia. Kielelezo hakikukaguliwa.