Neno Nililolisema Kisimani

Jumatatu, 3 Machi 1952
Mvua tangu alfajiri. Nimepalilia karanga mistari minne, nikarudi nimelowa. Kabula anakohoa kidogo. Nimempaka mafuta kifuani. Kila kikohozi chake kinanitia hofu, ndivyo nilivyo.

Asubuhi alikuja yule mwanamke Muha, Mama Gwasa, mke wa manamba wa mgodini. Wana mwezi wa pili hapa kijijini. Kiswahili hajui, Kisukuma ndiyo kabisa. Kigae mkononi, mtoto mgongoni. "Umuliro, mama. Umuliro." Nikashtuka. Kwetu Wasukuma kulila ni kulia, na mlilo ni kilio cha msiba. Mtu anakuja kuomba kilio nyumbani kwa watu? Akanionyesha mafiga. Kumbe moto! Wake umezimwa na mvua. Nikamwekea makaa mawili kwenye kigae, tukacheka wote wawili.

Kisimani nikawasimulia wenzangu. "Jamani, Muha kaniomba mlilo asubuhi yote hii!" Walicheka mpaka mtungi wa mmoja ukamwagika. Mama Masanja, jirani yangu, akasema jana Muha huyo alipita hata kwake na neno hilo hilo, naye akamfukuza kama kuku.

Nilipenda walivyocheka.

Alhamisi, 6 Machi
Masanja ana homa. Miaka minne, kimo kimoja na Kabula wangu. Nimempelekea uji. Hakunywa.

Jumamosi, 8 Machi
Tumemzika Masanja. Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nilikuwa matangani. Mama Masanja akaniita mbele ya watu wote. "Mama Kabula, hebu sema. Yule Muha mla mawese alikuomba nini siku ile?" Macho yake mekundu.

Nikasema, "Aliomba mlilo."

Nilitaka kuendelea. Nilitaka kusema kigae, mafiga, makaa. Wanawake wakapiga yowe, sauti yangu ikapotea.

Hapana. Niandike kweli. Haikupotea, niliimeza. Niliogopa wasije wakauliza kwa nini Mama Masanja alimfukuza Muha akafiwa, na mimi nilimpa makaa na wangu ni mzima.

Jumatatu, 10 Machi
Vijana wamekaa kikao. Nsumba ntale, mkuu wao, kapita nyumba hadi nyumba. Waha wale wasipewe moto, wasisalimiwe, wasiteke maji kisimani petu, mpaka waondoke wenyewe. Atakayewapa, na yeye hivyo hivyo. Hawapigi mtu. Hawana haja.

Mchana Mama Gwasa kaja na kigae chake. "Shikamoo, mama." Kajifunza! Kaitamka vizuri kabisa. Nilikaa nyuma ya mlango, nimemziba Kabula mdomo.

Alisema mara tatu.

Jumatano, 12 Machi
Mvua haikatiki. Kwao siku ya tatu hakuna moshi. Namsikia Gwasa akilia, mpaka huku shambani nilipo. Mtoto wa miaka miwili anatafuniwa karanga mbichi.

Nimeshindwa. Saa sita mchana, watu wanaona, nikachukua makaa nikawapelekea. Mama Gwasa akayapokea. Alinishika mikono. Yake ya baridi.

Kisha nikaenda kwa nsumba ntale. Nikamwambia kwao moto ni umuliro, kosa ni langu, nilitaka kuchekesha watu. Akasikiliza. Kijana mpole tu, nilimpakata akiwa mdogo. Akasema, "Kisimani mlilo. Matangani mlilo. Leo umekuwa mkalimani, mama?" Wenzake wakaangua kicheko. "Mwache huyo, keshaonja mawese!"

Nikaenda kwa Mama Masanja. Alinisikia mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akasema, "Kama si yeye, ni nani basi? Niambie wewe." Akafunga mlango.

Ijumaa, 14 Machi
Wameondoka. Mumewe kaja kuwachukua. Mkeka, sufuria moja, mtoto, basi. Watalala wapi sijui, kule kambini wake za manamba hawapokelewi.

Walipita kwangu. Yule mume Kiswahili anakijua, nikamwambia yote, na neno la kisimani pia. Nikamwomba amweleze mkewe. Hakumweleza. Alisema, "Mama, kila siku ananiambia ana mtu mmoja hapa. Mwache abaki hivyo." Wakashika njia ya mgodini kwenye matope.

Mama Gwasa kaacha kigae chake kizingitini kwangu. Chekundu, cha chungu cha kwao, kina mistari ukingoni. Yeye kanipa zawadi. Mimi kila nikikitazama kinanisuta.

Jioni kisimani nimesalimia. Hakuna aliyeitikia.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua. Maji yameingia jikoni. Baba Kabula hajarudi kutoka mgodini, kibiriti hamna. Kabula kachutama mbele ya mafiga, kapuliza jivu mpaka uso ukawa mweupe.

"Mama, umuliro umezima."

Sijui alilishika lini. Nilitaka kumwambia asiseme hivyo, watu watasikia. Sikumwambia.

Nikajifunika kanga, nikachukua kigae cha Mama Gwasa. Nyumba tano, zote zinafuka moshi. Nikibisha hodi nasikia wanavyonyamaza ndani. Kwa Mama Masanja nilisikia hata pumzi yake nyuma ya mlango. Nikangoja kidogo. Sikumlaumu.

Nimerudi. Tumekula karanga mbichi, namtafunia Kabula zile ngumu.