Mbuzi wa Shukrani Amechinjwa, Kazi Hakuna

Jumamosi jioni, Matiliku. Joto la kuudhi. Mawingu yamekaa juu ya kilima cha Nzaui tangu asubuhi, na kama kawaida yao yamekuja kutazama tu.

Sikupata kazi.

Nimeliandika hilo kwanza ili nisilizunguke. Barua pepe ya benki iliingia mchana, nikiwa uani na akina mama wa kanisa tukichambua mchele. Mbuzi alikuwa ameshatundikwa mtini, nusu ya ngozi imetoka. Ni mbuzi wa kumshukuru Mungu kwa kazi yangu, ambayo sina.

Si benki ya kuweka na kutoa pesa. Hilo nimelieleza hapa nyumbani hadi nimechoka. Ni benki ya uwekezaji, haina kaunta wala foleni. Kampuni ikitaka kuuzwa, kununua nyingine au kutafuta mtaji, hao ndio wanaopiga hesabu ya thamani yake na kuitafutia wenye pesa. Mimi nilisomea kilimo. Nimekuwa afisa wa kilimo kwa mkataba kule Mutomo, kazi yangu kufundisha watu kukausha na kuhifadhi ndengu. Mtu wa ndengu alikuwa anatafuta nini huko? Nilichoka kukaa upande wa wanaopangiwa bei, nikataka kuketi na wanaopanga. Mwaka mzima nilijifunza hesabu zao kwa video, jioni baada ya kazi, hadi nikaweza kuichukua kampuni na kusema ina thamani gani na kwa nini.

Waliniita mara tatu. Mara ya tatu wakanipa kampuni ya kusindika ndengu niikadirie. Nikaona Mungu amenipikia na kunipakulia. Swali la madeni lilinisumbua, sitajidanganya, lakini mengine yote nilitiririka: madalali wanavyoshika bei, na mvua ikikosa msimu mmoja kiwanda kitatoa wapi mali. Waliandika kila nilichosema. Leo najiuliza kama walikuwa wananihoji au walikuwa wanajipatia ushauri wa bure.

Mwishoni mkubwa wao akaniuliza, "Unaweza kuanza lini?"

Hapo ndipo nilipopotea. Kwetu, mtu akikuuliza aje kumchukua mbuzi lini, huyo mbuzi si wako tena. Hakuna anayeuliza hivyo halafu akaenda kununua kwa jirani. Kumbe wenzetu humuuliza kila anayeingia, kama vile kumuuliza anakunywa chai au maji.

Nilimpigia Mama kabla sijatoka kwenye jengo lile. Mama akamwambia mchungaji. Jumapili iliyopita nikaitwa mbele kushuhudia, na nikashuhudia kwa sauti, nikasema Mungu hufungua hata milango isiyo na vitasa. Walipiga makofi sana. Ikapangwa kwamba kesho baada ya ibada kanisa lote litakuja kwetu kula. Mwana hajazaliwa, sisi tumeshakata mbeleko.

Barua yenyewe ina adabu nyingi. Wamevutiwa na safari yangu, lakini wamemchukua mwenye msingi wa fedha. Kwamba sikusomea fedha walilijua tangu ukurasa wa kwanza wa maombi yangu. Wangeniambia siku ile ile ningebaki Mutomo. Mkataba wangu uliisha wiki jana na nikakataa kuuongeza, kwa sababu ya lile swali moja.

Nina hasira. Leo nawachukia, na sitaki mtu aniombee nisiwachukie.

Nilimwita Mama nyuma ya jiko nikamwambia. Akanawa mikono polepole, kana kwamba maji ndiyo yatakayomjibia. Mama huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa nashindwa kumbishia.

"Mwaitu, leo usiambie mtu," akasema. "Watu wamealikwa, na mbuzi ndio huyo. Kesho wewe simama tu useme asante. Hiyo kazi itakuja."

"Na wakiniuliza naanza lini?"

Alirudi kwenye sufuria yake ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, akakoroga ambapo hapakuhitaji kukorogwa.

Simlaumu. Miaka yote Mama amepika kwenye shukrani za watoto wa wengine, akaosha masufuria yao, akarudi nyumbani na sahani iliyofunikwa. Kesho ilikuwa zamu yake kuketi kiti cha mbele. Hilo linaniuma kuliko kazi yenyewe.

Lakini nimekaa hapa na hasira yangu nikaona kitu nisichokipenda. Nawakasirikia watu waliotoa neno wasilolimaanisha. Nikisimama kesho nikafanya hivyo hivyo, mbele ya walionilea, nitawalaumu wale kwa lipi?

Kesho nitasimama. Nitasema sikuchukuliwa, kisha nitawakaribisha chakula, nyama ni ile ile. Sahani ya kwanza nitampelekea Mama mwenyewe, pale kwenye kiti chake cha mbele.

Sijui kama ataipokea.