Pua ya Baba Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Tumefanya kazi mlango wa gereji umefungwa, la sivyo maji yangetufuata mpaka ndani. Gari la nesi, lile dogo linalofuka moshi mweusi. Tumefungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini — kumbe! Kaboni imeganda juu ya pistoni, ngumu kama ukoko wa sufuria. Baba Pacha akachanganya dawa yake: thina, mafuta ya taa, oili nyepesi kidogo. Akamimina, akainama juu yake na brashi, anasugua na kuimba. Ndivyo alivyo tangu anioe. Gari likikohoa, yeye uso unachangamka.

Mimi kichwa kikanigonga. Macho yakachuruzika. Nikamwambia tufungue mlango, tulowe basi.

"Kwa nini?"

"Harufu hii, mume wangu."

"Harufu gani?"

Nilidhani ananitania.

Jumatano, 5 Machi

Nilimwacha jikoni aangalie maharage, nikaenda kuanua nguo. Kurudi — moshi nyumba nzima! Yeye kaketi pale pale, kalipa jiko mgongo, anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa vipuri. Ananiuliza mimi mbona sikusema chakula kinaungua. Yeye ananiuliza mimi!

Akala. Akasema matamu. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Wanawake wangapi wana bahati ya mume kama huyu! Nilipoanza kukwangua sufuria kicheko kikaniisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nesi kaja kuchukua gari lake. Nikamvuta kando, nikamweleza. Akatoa pamba mbili mkobani, moja akailowesha spiriti, nyingine maji ya bomba letu. Akamwambia Baba Pacha afumbe macho, anuse, aseme ipi ni ipi.

Ya kwanza ilikuwa maji. "Spiriti," akasema bila kusita.

Ya pili. Akacheka. "Hayo sasa maji. Unadhani mimi mtoto?"

Nesi hakumsahihisha. Aliniangalia mimi.

Pale getini akaniambia ni ule mvuke — thina, petroli, mlango umefungwa, miaka na miaka. Aende hospitali. Asingoje. Halafu akauliza kama Baba Pacha anasahausahau vitu. Nikajibu hapana. Nimejibu haraka mno. Siku hizi spana anaiita "hicho kinanii". Juzi kaenda dukani kununua sabuni, karudi na mwavuli tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia: mlango wazi, kitambaa puani, na dawa nitachanganya mimi. Au hatufanyi kazi.

"Unanifukuza kazi, Mama Pacha?"

"Nani kakufukuza?"

"Mikono hii ndiyo iliyosomesha watoto wako."

"Wetu."

"Haya, wetu!" Akatoka, akaubamiza mlango.

Jioni hanisemeshi. Anaongea na redio. Anaiambia redio kwamba angepata chai angeshukuru. Nimemimina chai nikaiweka mbele ya redio. Hakucheka. Zamani angecheka.

Alhamisi, 13 Machi

Leo lazima niandike.

Nilikwenda kuchukua filta dukani, foleni ndefu. Baba Pacha nikamwacha na gari la shule, lile la kubebea watoto. Injini ile hatukuifungua — dawa inamiminwa kwenye matundu ya plagi, inalala humo inalainisha kaboni, na nyingine inachuruzika chini kwenye oili. Kwa hiyo oili yote lazima imwagwe, iwekwe mpya. Hiyo kazi anaijua kuliko anavyonijua mimi.

Kurudi, dereva yuko kwenye usukani, mkono kwenye ufunguo. Baba Pacha anafuta mikono. Kila kitu tayari, anasema. Oili mpya imeingia.

Sijui kilichonisukuma. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Imepita alama, mbali kabisa! Nyepesi kama maji, inadondoka kijitini. Na thina — thina tupu, ilinichoma pua. Alimimina oili mpya juu ya ile ya zamani. Hakumwaga hata tone. Na aliinama juu ya shimo lile lile la oili, pua karibu iguse.

Injini ingejisaga njiani. Watoto ndani. Na mvuke ule, cheche moja tu...

Dereva ananitazama. Baba Pacha ananitazama. Ningesema nini, mbele ya watu?

"Shuka kwanza, kaka," nikamwambia dereva. "Mimi bwana, kichwa changu! Nimeleta filta sasa hivi, na nyie mnataka kuondoka na ya zamani. Oili lazima niimwage tena."

Dereva akacheka, wanawake na mambo yao. Nikaingia chini ya gari, nikafungua nati. Ikatoka nyeusi, nyingi, haiishi kutoka. Nikaona viatu vya Baba Pacha vimesimama kando ya beseni. Vilikaa pale mpaka tone la mwisho. Halafu vikaondoka.

Anajua.

Ijumaa, 14 Machi

Amelala hadi jua kali. Chai imepoa. Nimeketi pembeni ya kitanda. "Ile oili," akasema. Akageukia ukutani.

Jumatatu, 17 Machi

Hospitali. Daktari ni binti mdogo, umri sawa na mapacha wetu. Akamwita baba, akampima taratibu. Kichwa kitapigwa picha, tarehe watatupa. Nikauliza kama pua itarudi. Kwa wengine hurudi, akasema, kwa wengine hairudi. Ila mivuke ile asiisogelee tena. Kabisa.

Baba Pacha alishika kofia magotini muda wote. Mwishoni ndipo akauliza: "Na oili je? Oili tupu, naweza kushika?"

Daktari akaiangalia kalamu yake.

Njiani nikamshika mkono. Mbele za watu! Hakuutoa.

Jumanne, 18 Machi

Nimefunga gereji kwa kufuli. Nimemwambia ni kwa siku chache tu. Uongo, na wote wawili tunajua.

Sasa hivi kuna gari getini. Mwenyewe hajazima injini, anapiga honi. Linakohoa, linakata, linashika tena. Baba Pacha ameacha kutafuna. Ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Silinda moja haichomi," amesema. "Ya tatu. Kaboni hiyo."

Macho yamemchangamka tena! Wiki nzima sijayaona hivi.

Amesimama mlangoni, viatu mguuni, kanigeuzia mgongo. Haombi ufunguo. Hajawahi kuniomba ruhusa maishani mwake, wala mimi sijui inavyotolewa. Ufunguo umo kwenye fundo la kanga yangu.

Honi tena.

"Mama Pacha," anasema, hageuki. "Mtu anangoja."