Begi Lililonukia Udi

Mama yangu,

Leo nimelifungua begi. Tangu goti liniharibikie na nirudi Maskati moja kwa moja, lilikaa chini ya kitanda, zipu imefungwa. Wewe ndiye uliyelitia udi mara ya mwisho, kabla hujatutoka, na nilikuwa nnaogopa harufu isije ikatoka.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilirudi kutoka uwanja wa barafu wa Azaiba na glavu zimelowa jasho. Ukaziba pua. "Huu mchezo au mzoga? Lete hapa." Ukazifukiza juu ya chetezo, na helmeti na pedi, kama nguo za bwana harusi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nje jua linachoma, na mwanawe anakwenda kucheza magongo kwenye barafu ananukia harusi.

Kule Uswidi, kwenye klabu iliyoniajiri, walinicheka pia. Kisha siku moja golikipa wetu, pande la mtu, akanifuata kimya kimya na glavu zake mkononi. Tangu hapo kila likizo nilikuja nyumbani Mabela na glavu za nusu ya timu. Ulizifukiza zote, na kwa kila moja uliniuliza, "Huyu mama yake yupo?" Asiye na mama ulimzidishia udi.

Baba kanisimulia ulivyokuwa ukitazama kanda za video nilizowaletea. Nikibamizwa ukutani ulijifunika uso kwa kanga, ukamuuliza yeye, "Kainuka?" Hukufunua uso mpaka akujibu.

Mama, safari hii sikuinuka upesi. Miaka yote ile sikujifunza kazi nyingine. Goti lilipokwisha nilijiona nimekwisha nalo, na wewe hukuwepo wa kuuliza. Nilikaa ndani tu, Baba ananiletea chai nami naiacha ipoe.

Kisha Rayya, mjukuu wako, akataka kujifunza mchezo wangu. Glavu zangu za utotoni zilikuwa ndani ya begi lile. Nikafungua. Udi haukuwemo, Mama. Jasho tupu. Nililia mbele ya mtoto, sikuweza kujizuia.

Baadaye nikakitoa chetezo chako. Makaa niliyazidisha, nyumba ikajaa moshi. Baba akatoka chumbani kwake, akasimama mlangoni. Akaja akakaa karibu yangu, akaishika glavu moja juu ya moshi, nami nikaishika ya pili.

Jioni nikampeleka Rayya Azaiba. Nikavaa viatu vyangu nikaingia naye barafuni, goti linauma. Wenye uwanja wamenitaka niwafundishe watoto, nami nimekubali. Glavu zao nitazifukiza mwenyewe, na kila mmoja nitamuuliza habari za mama yake.

Lala salama, Mama, Mungu akurehemu. Funua uso sasa. Nimeinuka.

Mwanao,
Salum